Saa Saba

Thembo aliniachia baiskeli isiyo na breki,
deni la sukari dukani,
na kopo la majarini lenye saa saba.

Si saa saba ile ya mchana, jua likiwa utosini.
Saa saba za mkononi,
kila moja na kikaratasi kilichofungwa kwa uzi,
kwa mwandiko wake wa kuinama mbele
kama mtu apandaye kilima na mzigo.

Alikuwa fundi wa magulio.
Kila mji una siku yake: Hima, Kisinga, Bwera,
hadi Mpondwe pale mpakani,
naye alizifuata siku hizo, meza ndogo mgongoni,
lenzi jichoni.
Hakujua tarehe. Ukimwuliza leo ni lini
atakwambia: leo ni Kisinga.

Dawa ya deni kulipa,
na deni la fundi ni muda wa watu.
Arobaini ilipopita nikafunga kitenge, nikabeba kopo.

Hima. "Kule, ndizi."
Nilimkuta juu ya lundo la mikungu
akimwapia mteja kwa jina la mama yake.
Akaitia saa sikioni.
Hii nilishaisahau, alisema, siku hizi nina simu.
Lakini akaivaa,
mkono uleule ulioshika simu.

Ya pili, mwenyewe kahamia Kongo.
Nikampa kijana wa bodaboda aendaye Kasindi.
Mungu anajua.

Ya tatu, mwenyewe alimtangulia Thembo kwa wiki mbili.
Binti yake akaipokea kwa mikono miwili
na hakuuliza kama inatembea.

Ya nne nililipwa.
Ya tano nilitukanwa, Kisinga, katikati ya wauza majembe:
Miezi minane, wewe mwanamke! Miezi minane!
Nikamwacha amalize.
Matusi yalikuwa ya Thembo, mimi nilikuwa tarishi tu.

Ya sita ilikuwa na jina la mwanamke
na haikuandikwa bei.
Nilimpa. Alilia kuliko nilivyolia mimi.

Tuendelee.

Ya saba, Mpondwe. Kikaratasi: "Ya samaki."
Basi.
Siku hiyo gulio lilikuwa limefurika hadi barabarani,
faranga na shilingi zikipita kiganja kimoja,
mtu wa kipaza sauti akinadi dawa ya panya
na dawa ya mapenzi kwa pumzi ileile,
mbuzi mmoja amekanyaga vitenge vya watu
na hakuna anayejua ni wa nani.
Safu ya samaki unaijua kwa pua kabla ya macho.
Nikainua saa: Ni ya nani?
Yangu! wakasema watu wanane.
Yangu! akasema na muuza vitunguu.

Nikauliza: Ilikuwa inaumwa nini?
Imesimama, wakasema. Imeingia maji. Kioo.
Mama mmoja hakuinua kichwa, kisu chake kikiparua magamba:
Haikusimama. Ilikuwa inakimbia.
Dakika kumi kila siku.
Kila gulio nilifika kabla ya samaki wangu,
nikakaa hapa na beseni tupu kama mjinga.
Nilimwambia mumeo: ipunguzie haraka.

Nikamfunga mwenyewe, maana mikono yake ilikuwa na magamba.
Kamba ya saa ilikwenda hadi tundu la mwisho.
Jina lake Nziabake. Kwa miaka yote ile
Thembo hakumwuliza.

Akanipimia sato wa chumvi, akaongeza kipande,
akakataa hela, akaikubali, akarudisha nusu.

Kopo likawa jepesi. Sikuzoea.
Nikavuka upande wa pili, kwa wauza chumvi ya Katwe,
nikalifungua mbele ya mzee wa kipimo.
Akanusa. Linanuka mafuta ya mashine, alisema,
chumvi itanuka.
Najua, nikasema.
Jaza.